Kofia Katika Kabati la Kesho

Shangani, Unguja
8 Machi 1970

Shemegi yangu Wanu,

Salamu nimezipakia mpaka meli imezama alama yake ya maji. Zipokee bandarini wewe na shangazi yako Bi Kazija, na zikikupungukieni niandikie, ninazo nyengine ghalani.

Sisi wazima. Mama yuko pale pale Jang'ombe, ananigombeza kama mtoto wa chuoni, na kila Ijumaa humwekea mumeo Jecha sahani yake. Harusiwi mtu kuigusa. Magharibi hupewa maskini. Nami namwambia, fanya hivyo hivyo mama, mdogo wangu namjua mimi. Miaka sita tangu achukuliwe ni kitu gani? Mimi nilipotea baharini kumi na moja, mkanisomea mpaka hitima, nikarudi na sanduku la sabuni za Marsei, kwa Wafaransa. Wewe ulikuwa ushakimbilia Mombasa, hukuipata hata moja. Pole.

Sasa kaa kitako, maana habari ni kubwa. Mimi ndiye msimamizi wa makumbusho. Haya madogo ya Shangani, nyumba ile ya ngazi ya mbao, siyo yale makubwa. Msimamizi wa zamani aliondoka bila kuaga, kama wengi, ufunguo ukabaki kwa mfagiaji, na mfagiaji ni mimi. Skuli niliishia darasa la nne, lakini nani hapa kisiwani ameingia makumbusho ya Bombay, Marsei na Kadifu? Ya Kadifu, kwa Waingereza, nililala ndani kwa kukimbia baridi, asubuhi watu wakanizunguka wakidhani nami ni katika vitu vya kutazamwa.

Juzi kaja Ndugu Mwalim kutoka afisini, kijana wa miwani. Kila idara imeamriwa kuandika mpango wa miaka ijayo. Akaniuliza, "Ndugu Gharib, makumbusho haya mwaka elfu mbili yatakuwaje?"

Nikamwambia, "Ndugu, umebisha mlango wenyewe."

Nikamfundisha ilmu ya stimurumu, chumba cha tanuri la meli. Fundi wetu mkuu melini alikuwa Mgoa, Fernandesi. Kila tuking'oa nanga alitukusanya mbele ya tanuri: "Haya, kila mtu aniambie safari hii tutakufa vipi." Huyu moto, huyu bomba, huyu maji; mimi nilisema njaa, maana mpishi alikuwa Mwingereza. Hakuwa mpiga ramli yule. Alikuwa hataki jambo limkute amekaa.

Basi nikaweka kikao barazani: mimi, mke wangu Biasha, na mzee Mcha, mchimba chokaa wa Chukwani, ambaye huniletea mawe yenye alama za konokono wa kale. Nikawauliza, mwaka elfu mbili nani atapanda ngazi hii, na atataka nini? Biasha akasema watakuja wajukuu wa waliokwenda zao, hawajui hata msikiti ulipo, watauliza bibi zao walivaa nini. Mimi nikasema hatakuja mtu, kila nyumba itakuwa na sinema yake ukutani. Nikacheka peke yangu. Mzee Mcha akamaliza kahawa yake, kisha akasema, "Huenda wakaja watu wana lao la kuuliza, na kuuliza kusiwe na ruhusa."

Mzee yule ana maneno!

Ndipo nikavumbua. Kitafutwe kitu kitakachofaa hali zote hizo, kwa kuwa hatujui ipi itatufika. Nimetoa mikuki katika kabati moja la kioo, nikaliacha tupu, nikaandika juu yake KABATI LA KESHO. Mwenye kitu ambacho leo hakina thamani na kesho kitaulizwa, akilete. Ndugu Mwalim aliandika mpaka wino ukamkauka.

Niandikie unisifu.

Gharib bin Usi,
Msimamizi, Baharia, Mjuzi wa Bandari za Dunia


Kibokoni, Mombasa
30 Machi 1970

Shemegi Gharib, shikamoo.

Barua yako tumeisoma kwa sauti, shangazi kacheka mpaka kakohoa. Hongera ya kabati tupu. Huku mtu akiwa na kabati tupu huitwa maskini, hapewi cheo.

Mimi nashona kofia. Kazi ipo, macho ndiyo yanaanza kuchoka.

Sasa nina la kukuuliza, na nakuomba kwa Mungu usinitilie maskhara. Kuna mtu kaja kwa shangazi kuniposa. Anaitwa Msabah, fundi saa, kafiwa na mkewe, mtu wa heshima zake. Nikaenda kwa kadhi. Akaniuliza, mumeo kakuacha? Nikasema la. Amekufa? Nikasema sijui. Akasema, basi wewe ni mke wa mtu mpaka ije yakini.

Kadhi hana makosa. Lakini shemegi, mimi ni nani? Mke sina mume wa kumpikia, mjane sina eda ya kukaa. Jecha sijamlilia hata siku moja, maana naona nikimlilia nitakuwa nimemuua mimi.

Una habari yoyote? Ikiwa huna, niandikie huna. Sitaki la kunifurahisha.

Wanu


Shangani
19 Aprili 1970

Shemegi,

Ninayo! Nilikuwa nangoja ikomae ndiyo nikupe. Mtu mmoja, jina simtaji kwa kuwa barua siku hizi zina wasomaji wengi, alikuwa Tanga sokoni. Kamwona mtu mrefu anatembea kama Jecha, anatupa mguu ule ule kama anafukuza kuku. Kamwita kwa jina. Yule mtu kageuka! Kisha akapotea katika watu. Ni nani huyo kama si yeye? Atakuwa anajificha, anangoja upepo utulie. Mwambie fundi saa wako atengeneze saa zake, mume yuko njiani.

Kabati linajaa. Mtu kaleta viatu vya katambuga vya mpira wa gari, mwengine kadi yake ya mchele, kasema wajukuu hawatasadiki. Bibi mmoja wa hapa Mji Mkongwe kaleta ufunguo wa nyumba ambayo si yake tena. Nikamwuliza, "Bibi, huu si bado unafungua?" Akasema, "Unafungua, mwanangu. Mimi ndiye nisiyeingia." Nikataka kumchekesha, nikajikuta naupangusa ufunguo kwa kanzu yangu.

Gharib,
ambaye hajawahi kukosea upepo


Kibokoni
10 Mei 1970

Shemegi,

Msabah nimemjibu kuwa mume wangu yuko Tanga. Kanishukuru kwa kumwambia mapema, akaaga.

Nimeanza kuandika Tanga, kwa kila ninayemjua na ninayesikia anajuana na mtu. Yule aliyemwona, mwulize alikuwa amevaa nini.

Wanu


Shangani
22 Agosti 1970

Shemegi yangu fundi,

Yule mtu wa Tanga kasafiri, akirudi nitamwuliza. Leo nina jambo la fani yako.

Jumanne mzee Mcha kaja kwa miguu yake kutoka Chukwani, kavaa kanzu ya Ijumaa. Mkononi ana kifurushi cha nguo ya bafta nyeupe, mpya kabisa. "Hii ya kabati lako," akasema. Nafungua, ndani mna kofia ya viua, kongwe, imefuliwa mpaka imekonda.

"Umeipata wapi, mzee?"

"Shimoni, tulipokuwa tukitoa mawe."

"Mna nini tena humo?"

"Tumelifukia. Tumehamia pengine."

Wavivu watu hawa! Shimo lina mawe mazuri, wanalifukia. Nikamwekea soda, hakunywa. Akasimama mbele ya kioo, akainua mikono akasoma Fatiha, akajipangusa uso. Kisha akaniambia, "Gharib, iandike vizuri." Fatiha, shemegi! Kwa kofia! Bombay nimeona watu wakimtukuza ng'ombe, lakini hii ndiyo mara ya kwanza.

Nami nikaiandika vizuri. Kadi ni ya mkono wangu: KOFIA YA VIUA. IMESHONWA NA MWANAMKE HODARI LAKINI MVIVU. Maana kofia nzima imejaa viua vidogo vidogo, kila kimoja kina kitundu chake katikati kimezungushiwa uzi, safi, hata wewe ungeona wivu. Lakini nyuma vipo vitano vimeshonwa pembeni tu, havikutobolewa. Ndugu Mwalim akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Siku hiyo mume aliusifu mchuzi wa jirani." Kacheka mpaka kavua miwani. Wakija watu hulikimbilia kabati lile kwanza, husoma kadi, hucheka, huitana. Upande mmoja ina doa la hudhurungi ambalo halikutoka kwa kufua. Mwenye kofia alikuwa mlevi wa kahawa.

Sasa unaona makumbusho ya kesho yanavyotengenezwa? Kitu kidogo tu, na msimamizi mwenye ulimi.

Gharib


Kibokoni
5 Septemba 1970

Shemegi,

Vile viua vitano vimekaa mstari mmoja, au vitatu juu na viwili chini? Ukingo wa ndani umeshonewa kitambaa gani? Doa liko upande gani?

Nijibu haya tu. Usinichekeshe.

Wanu


Shangani
20 Septemba 1970

Shemegi,

Lo, fundi kakutana na kazi ya fundi! Nimevaa miwani ya Ndugu Mwalim nikaitazama kwa ajili yako. Vitatu juu, viwili chini. Ndani ukingoni mna kipande cha kanga ya kisutu, chekundu na cheusi, nusu kimepauka. Doa liko nyuma, karibu na sikio la kushoto. Unamjua mshonaji? Ikiwa ni mwenzako mliyekuwa mkishindana, nitaiongeza kadi neno moja la kumkomesha.

Biasha anasema kofia ile ni aibu kwa wanawake wa Unguja. Keshatunga sindano, anataka kuvitoboa mwenyewe vile vitano kabla ya Ramadhani. Mama naye ameisikia sifa, anataka kuja kuitazama; nimemwambia ngazi itamshinda.

Tanga wamesemaje?

Gharib


SIMU YA POSTA. MOMBASA, 26 SEPTEMBA 1970
KOFIA ISIMALIZWE. ISIGUSWE NA SINDANO. WANU


Shangani
29 Septemba 1970

Shemegi,

Simu yako imetutoa roho. Ikija simu watu huuliza nani amekufa kabla hawajauliza imetoka wapi. Biasha kachomoa uzi mara moja, kofia haikuguswa. Lakini kulikoni? Niandikie.

Gharib


Shangani
6 Desemba 1970

Wanu,

Ramadhani imepita, Idi imepita, hujaniandikia. Kama nimekukosea sema, nina makosa mengi, sijui uliloliona wewe ni lipi.

Juzi nililifungua kabati kupangusa vumbi. Nikaivaa ile kofia, kwa maskhara tu, Biasha yupo. Unajua sisi watoto wa Usi tuna vichwa vya mtungi. Mimi dukani sijapata kofia hata siku moja, mpaka nishonewe, na Jecha hivyo hivyo. Ikanikaa, Wanu. Ikanikaa kama imepimwa kwangu.

Biasha hakucheka. Nikaivua.

Niandikie tafadhali. Hata neno moja.

Gharib


Kibokoni, Mombasa
20 Desemba 1970

Kwa Gharib bin Usi.

Mimi ni Kazija, shangazi yake Wanu. Yeye haandiki kwa sasa. Amekaa eda tangu siku aliyokupigia simu.

Januari ile ya mwaka sitini na nne alikuwa akimshonea mumewe kofia ya Idi. Walipokuja watu kumwita Jecha mlangoni, Wanu alikuwa nayo mapajani, vimebaki viua vitano kutobolewa. Jecha akaichukua akaivaa. Akamwambia, "Utamaliza nikirudi." Kile kitambaa cha ukingoni ni kipande cha kisutu chake cha harusi. Hayo hakukuandikia kwa kuwa alikuwa hataki kuyasema kwa mtu, hata mimi nimeyasikia mwaka huu.

Basi yule mwanamke mvivu ni huyu, Gharib. Kadi yako ameisoma. Hakulia kwa kadi. Alilia kwa ile Fatiha, kwamba wewe ulicheka, kisha akasema, "Angalau kasomewa."

Kadhi nimemwendea mimi. Anasema kofia haina ulimi, analotaka ni mashahidi wawili. Eda anayokaa, anaikaa kwa yakini yake mwenyewe. Kwenye vitabu vya kadhi bado ni mke wa mtu. Msabah ameoa mwezi wa kumi.

Nakuomba jambo moja. Usimwandikie tena habari za Tanga. Aliowaandikia wote wamemjibu kuwa hayuko.

Kazija binti Mkubwa


Shangani
14 Februari 1971

Wanu,

Barua hii haipiti posta. Inaletwa kwa mkono na mtu niliyefanya naye kazi ya tanuri, anaijua siri kuliko kisima. Eda yako imekwisha, najua. Mpelekee kadhi hii, na akishaisoma uichome.

Nilikwenda Chukwani kwa mzee Mcha. Mara ya kwanza alikataa. Akasema ana wajukuu, na alichoweza kukifanya alishakifanya: aliifua, akaisomea, akamletea mtu aliyemdhani ana akili. Mara ya pili nikamwambia kofia ni ya nani. Akainuka, akachukua sururu. Tukaenda mchana kweupe na mkokoteni, tukisema tunatafuta mawe ya makumbusho.

Mimi Gharib bin Usi nashuhudia mbele ya Mungu kuwa nimemwona ndugu yangu Jecha bin Usi, na kuwa amekufa. Nimemjua kwa mkono wa kushoto. Mfupa una fundo chini ya kiwiko, pale alipovunjika alipoanguka mkarafuuni. Alikuwa mdogo, na mimi ndiye niliyemshika bega mganga alipokuwa akiuunga. Kofia yake sikuijua. Fundo lile nililijua kabla sijaligusa. Shahidi wa pili ni Mcha bin Shaame wa Chukwani, alama ya dole lake iko nyuma ya karatasi hii.

Shimo lile si la Jecha peke yake. Sikuhesabu. Tumewalaza kuelekea kibla kwa kadiri tulivyoweza, tukawasalia, tukarudisha mawe. Mzee Mcha aliniambia niwe imamu mimi. Takbira ya tatu ilinishinda, akaimaliza sala yeye.

Wiki iliyopita Ndugu Mwalim kaja na wakubwa wake. Mpango wangu hawakuutaka. Wamesema kesho imeshapangwa, haihitaji kabati tupu. Pale patawekwa mfano wa trekta. Ufunguo wa yule bibi wameutoa, kadi ya mchele wameitoa. Mmoja akaishika kofia, akaigeuza, akauliza, "Hii nayo ya nini?" Unanijua nina maneno. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema, "Kofia ya kushona kwa mkono. Mshonaji hajulikani." Akasema hizi ziko tele, akanirudishia. Ndugu Mwalim alikuwa ananitazama. Hakuandika kitu.

Sasa iko chumba cha nyuma, kati ya mikeka na vikapu, pahala ambapo mtu hatazami mara mbili. Ile kadi nimeila. Usiulize, niliitia mdomoni nikaitafuna mpaka ikaisha. Kadi mpya haimchekeshi mtu. Nimeandika: KOFIA YA VIUA, CHUKWANI. ISIMALIZWE. Sisi watatu pale barazani kila mmoja alitaja kesho yake, nami nikamcheka mzee Mcha, na ya kwake imekuja kabla hata mwaka haujageuka. Mimi mjuzi wa bandari za dunia. Lakini atapanda mtu ngazi hii siku moja, nikiwepo nisiwepo, ataisoma kadi na atauliza, kwa nini isimalizwe? Akishauliza hilo, mengine yatafuata. Nimemfundisha Biasha la kumjibu, naye atamfundisha mwengine.

Yule mtu wa Tanga nilimzaa mimi mwenyewe. Unalijua hilo.

Mama sikuwa nimemwambia kitu. Ijumaa iliyopita alipoiweka sahani ya Jecha, nilikaa mbele yake nikaila. Alinitazama mpaka tonge la mwisho. Akaniletea maji ya kunawa. Akauliza, "Alipolala pana kivuli?"

Nikamwambia kipo, cha mti mkubwa wa mkungu.

Hakuna, Wanu. Ni mawe matupu. Masika yakianza nakwenda kuupanda.

Gharib,
kaka yake Jecha